KITI CHA MAMA: USINUNUE KINACHOZAMA, CHONGESHA KINACHOPANDA NA KUSHUKA

*1/9*

Posti iliyopita tuliongelea maziwa ya mama, nikaahidi inayofuata itakuwa ya mgongo. Sasa nimekaa nikafikiria, nikaona siwezi kuongelea mgongo bila kuanza na kiti. Kwa hiyo leo ni kiti. Ni ndefu, zipo sehemu 9, chukua chai.

Mama akija kliniki na mtoto akaniambia "sista, mgongo unaniua", zamani nilikuwa namuuliza kama anabeba ndoo nzito, kama analala vizuri, kama alichomwa sindano ya mgongoni wakati wa upasuaji. Bado nauliza hayo. Ila siku hizi nina swali lingine: "Ukiwa unafanya kazi nyumbani, unakaa kwenye nini?"

Majibu yake mngeyasikia! Kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kitandani, laptop juu ya mto. Kwenye viti viwili vya plastiki vilivyopandana ili meza ifikike. Kwenye stuli ya dukani isiyo na mgongo. Sakafuni, simu mkononi, anajibu wateja mpaka saa sita usiku.

Na mji wetu umebadilika. Tangu serikali ihamishie shughuli zake hapa Dodoma, watu wamekuja na kazi zao, na wengi kazi hiyo wanarudi nayo nyumbani. Nenda Ilazo, Kisasa, Nkuhungu, Chang'ombe: mama anasahihisha madaftari, mwingine anafunga hesabu za duka la mtu, mwingine anauza nguo kwa simu, mwingine yuko kwenye cherehani, mwingine anasoma huku ananyonyesha. Wote hao wana ofisi nyumbani hata kama hawaiiti ofisi. Kinachokosekana ni kiti.

*2/9*

Niseme msimamo wangu mapema ili tusizungushane.

Nyumba nyingi ninazoingia kumsalimia mzazi zina seti ya makochi sebuleni. Makochi ya bei, yana vitambaa, mengine bado yana nailoni ya dukani. Wageni wanayakalia Jumapili mbili kwa mwezi. Pembeni kuna meza, na kwenye meza hiyo mama anakaa saa 5 au 6 kwa siku anatafuta hela ya nyumba. Amekaa kwenye nini? Kiti cha plastiki chenye mguu ulioanza kufunguka.

Yaani mgeni ana kiti kuliko mtu anayelisha nyumba. Hilo mimi nalikataa. Na simlaumu baba peke yake, maana mama naye ndiye aliyechagua makochi. Wote tumezoea kuona kiti ni pambo la sebule, wakati kiti ni kifaa cha kazi kama jembe. Hakuna mkulima wa Bahi anayekwenda shambani na mpini uliovunjika eti kwa sababu hela imeisha kwenye mapazia.

Ninachosema leo ni hivi: mama anayefanyia kazi nyumbani anahitaji kiti kimoja imara, kinachopandishwa na kushushwa. Na kwa mazingira yetu ya hapa, kiti hicho ni bora kichongwe au kichomelewe na fundi wa hapa hapa, kwa vipimo vyako, kuliko kununua cha gesi cha kung'aa ambacho mwaka ukiisha kimezama.

*3/9*

Kwanza kwa nini mama, na kwa nini zaidi mama aliyejifungua.

Ukiwa mjamzito mwili unalegeza nyuzi zinazoshika viungo, hasa vya nyonga, ili mtoto apate njia. Nyuzi hizo hazikazi siku unayotoka wodini. Zinaweza kuchukua miezi kadhaa. Misuli ya tumbo nayo imevutika, kwa wengine imeachana katikati. Misuli hiyo ndiyo inayosaidia kushika uti wa mgongo kwa mbele. Sasa mbele hakuna mshikaji, nyuma kiti hakina egemeo, mikononi kuna mtoto wa kilo 5. Mgongo unabaki peke yake. Utauma tu.

Ukikaa juu mno miguu ikaning'inia, ukingo wa kiti unakandamiza nyuma ya mapaja, damu inarudi kwa shida. Ukikaa chini mno mbele ya meza ndefu, unainua mabega kutwa nzima, jioni shingo imekuwa jiwe na kichwa kinagonga. Unameza panadol, kesho unarudi pale pale.

Hapa nisimame kidogo niwe nesi kabisa. Wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua, hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya mguu ni kubwa kuliko kawaida, na kukaa muda mrefu bila kusogea kunaiongeza. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, au ukapata kubanwa kifua na pumzi ghafla, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali. Na mgongo ukiuma huku miguu inakosa nguvu, au unapata ganzi katikati ya mapaja, au mkojo unakutoka au unakataa kutoka, hiyo nayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Hayo hayatibiwi na kiti.

Mengine yote, yaani yale maumivu ya kila jioni ambayo mama anaambiwa "ndiyo uzazi, zoea", mengi yana mkono wa kiti ndani yake. Usizoee.

*4/9*

Sasa kile kiti cha gesi. Na mimi nilinunua, tusifichane. Nilikiona dukani, cheusi, kina magurudumu, kina lever pembeni, ukivuta kinashuka kama lifti. Nikajiona bosi. Miezi ya mwanzo raha. Baadaye nikawa nakaa juu, nikimaliza ripoti najikuta chini, kidevu karibu na meza. Nakipandisha, kinashuka. Mwisho kikagoma kabisa kupanda.

Kwa nini vinazama? Ndani ya ule mhimili wa katikati kuna silinda yenye gesi iliyoshindiliwa, na kuna mpira unaozuia gesi isitoke. Mpira ukichakaa, gesi inavuja, basi. Hakuna pa kujaza kama tairi. Unatakiwa ununue silinda nyingine ya saizi ile ile, na kwa viti vingi vya bei ya chini hapa mjini huipati, au ukiipata bei yake inakukatisha tamaa. Magurudumu nayo na vumbi letu la Dodoma, pamoja na nywele na nyuzi za cherehani, yanakwama moja baada ya jingine. Miguu ya chini ikiwa ya plastiki, siku moja inapasuka na mtu akiwa juu.

Onyo, na hili naomba mlisome mara mbili. Kiti kikizama watu wanakipeleka kwa fundi wa kuchomelea, aichomelee ile silinda isimame. USIFANYE HIVYO. Silinda inaweza kuwa bado na mgandamizo ndani hata kama kiti kimeshuka. Ukiipasha moto, ukiikata au kuitoboa, inaweza kulipuka. Ukitaka kuokoa kiti chako, chukua bomba la maji la plastiki linaloenea kwenye ule mhimili mwembamba, likate kwa urefu unaoutaka, lipasue upande mmoja, livishe kwenye mhimili. Kiti kitakalia bomba na hakitashuka tena. Hakitapanda tena pia, lakini utakaa.

Siwasemi wenye viti hivyo. Vipo vizuri, vya kampuni zinazouza vipuri, vinavyodumu miaka mingi. Ila bei yake si ya mama anayeanza. Na kile cha bei ya mama anayeanza ndicho kinachozama.

*5/9*

Wazo langu halikutoka dukani, lilitoka wodini.

Angalia gongo la mgonjwa aliyevunjika mguu, lile la mbao la kwapani. Lina matundu na bolti yenye nati ya mabawa. Mgonjwa mrefu unatoa bolti, unashusha mti wa chini, unafunga. Mfupi unapandisha. Gongo moja limesaidia mtoto wa shule, limesaidia bodaboda, limesaidia bibi, miaka na miaka. Halina gesi, halina umeme. Nati ikipotea unanunua nyingine Majengo kwa hela ya karanga. Kwa nini kiti changu kisiwe na akili ya gongo?

Na nje walishafanya. Mwaka 1972 huko Norway, mbunifu anayeitwa Peter Opsvik aliona mwanawe mdogo hapati pa kukaa mezani na wakubwa. Kiti cha mtoto kilimbana, cha mkubwa kilimwacha miguu hewani. Akatengeneza kiti cha mbao kinachoitwa Tripp Trapp. Mbavu mbili zimelala kidogo, zina mifereji kama ngazi. Ubao wa kukalia na ubao wa kukanyagia vinachomolewa na kuingizwa kwenye mfereji mwingine mtoto anavyokua. Hakuna spring, hakuna gesi. Mpaka leo kinauzwa, na vile vya zamani watu wanarithishana. Ukikitazama unaona kabisa: fundi wetu seremala hashindwi hii.

Hapa kwetu pia si wageni. Wanaotengeneza vifaa vya watoto wenye mtindio wa ubongo hawatumii kiti cha saizi moja. Seremala anaambiwa kina cha kiti, urefu wa kukanyagia, meza ya mbele iondoke, na vyote viweze kusogezwa mtoto akikua. Pale KCMC Moshi kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo. Kwa hiyo ujuzi wa kumpima mtu kwanza ndipo utengeneze kiti upo Tanzania hii. Tumeuweka tu kwa walioumia. Sisi tunangoja tuumie ndipo tupimwe.

Hata bibi zetu walijua. Kigoda cha Kigogo ni kifupi kwa sababu jiko la mafiga liko chini. Anayesonga ugali pale anakaa usawa wa kazi yake, mkono haupandi. Kiti kilifuata kazi. Sisi tumehamisha kazi, tumeiweka juu ya meza ya sentimita 75, halafu tumekaa popote.

*6/9*

Haya, chukua futi ya cherehani tujipime. Vipimo ni viwili tu vya lazima.

*Cha kwanza: kiwiko.* Kaa kwenye kitu kigumu, bapa. Mgongo wima, mkono uning'inie, kunja kiwiko kama unabeba trei. Mtu akupime kutoka ulipokalia mpaka chini ya kiwiko. Tuseme sm 23.

*Cha pili: goti.* Umevaa ndala zako za nyumbani, pima kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, pale paja linapoishia. Tuseme sm 40.

Sasa pima meza yako. Nyingi za hapa ni kama sm 75.

Hesabu: meza 75 toa kiwiko 23, unapata 52. Kiti chako kwa meza hiyo kinatakiwa kiwe sm 52, ukiwa umeshakikalia na sponji imebonyea. Kile cha plastiki ni kama sm 43. Umeona? Upo chini kwa sm 9, ndiyo maana mabega yako yanapanda. Ndiyo maana pia akili yako ilikutuma upandanishe viti viwili. Hukuwa mjinga, ulikuwa unatafuta urefu.

Lakini kiti kikiwa 52 na goti lako ni 40, miguu inaning'inia sm 12. Kwa hiyo unahitaji pa kukanyagia pa sm 12. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanapandisha kiti wanasahau miguu.

Njia nyingine ni kukata miguu ya meza. Meza ikiwa yako peke yako na kazi ni moja, kata tu, ni rahisi kuliko yote. Kama meza ni ya familia, watoto wanafanyia homework na baba analia chakula, basi kinachosogea kiwe kiti.

Na ndiyo sababu nasema kipande na kushuka. Kazi ya laptop unakaa juu. Ukinyonyesha unataka kushuka, miguu ikanyage vizuri, mgongo uegemee, mtoto umlete kwenye titi badala ya wewe kuinama kumfuata. Cherehani ina urefu wake. Mtoto wa darasa la tatu naye anataka kukaa hapo. Kiti kimoja, watu wanne.

Kina cha kiti: ukiegemea mpaka nyuma, vidole vitatu vipite kati ya ukingo na nyuma ya goti. Kwa wanawake wengi wa wastani, sm 40 hadi 42 inatosha. Fundi akizoea viti vya sebuleni atakuwekea 50, hutafika kwenye egemeo. Egemeo lilale kidogo nyuma, lisiwe wima kama la kanisani, na liwe na uvimbe mdogo usawa wa kiuno.

*7/9*

Sasa nenda kwa fundi. Mimi nilikwenda kwa mzee mmoja seremala na jirani yake wa kuchomelea.

"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu. Kitanda?"
"Hapana, kiti. Nataka kipande na kushuka."
"Cha gesi hicho, mimi sina."
"Cha matundu na bolti. Kama gongo la hospitali."

Akanyamaza, akachukua penseli sikioni, akachora juu ya ubao. Dakika tano tumeelewana. Hakuwa ameshindwa miaka yote hiyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mnachotakiwa kumwambia:

👉 *Miguu.* Pipe za mraba, ndogo iingie ndani ya kubwa. Ya inchi moja ndani ya inchi moja na robo inafaa. Matundu kila sm 2, miguu yote minne itobolewe kwa kipimo kimoja, bolti ipite pande zote mbili. Pipe ndogo itachezacheza ndani, ni kawaida. Dawa yake, fundi achomelee nati ubavuni mwa pipe kubwa na bolti ya pili ikaze ile ya ndani. Uzito unabebwa na bolti iliyopita, hiyo ya pili ni ya kuzuia kuyumba tu. Masafa ya sm 40 mpaka 52 yanatosha nyumba nzima.

👉 *Kuchomelea.* Achomelee kiungo kuzunguka, asipige nukta nukta. Nukta ndizo zinazoachia. Miguu itanuke kidogo chini ili kiti kisipinduke.

👉 *Mbao.* Paini ya Mufindi ni rahisi na inafaa kwa ubao wa kukalia. Kwa kiti cha mbao tupu, miguu na viungo viwe vya mbao ngumu, mninga, mkongo au mtiki. Uliza kama mbao ni kavu. Hapa kwetu mvua ni za Desemba mpaka Aprili, iliyobaki ni ukavu mtupu. Mbao mbichi ikija hapa inasinyaa, viungo vinalegea, kiti kinaanza kulia kabla hujamaliza kukilipia. Viungo viwe vya ulimi na tundu pamoja na gundi, sio misumari mitupu.

👉 *Pa kukalia.* Sponji ngumu ya sm 4 au 5. Sponji laini ya kochi inabonyea, unakalia ubao. Kitambaa kishikwe na skrubu au kamba chini, kiweze kuvuliwa kufuliwa. Mtoto atatapika, tusidanganyane.

👉 *Mikono ya kiti.* Iwe ya kuchomoa. Wakati wa kunyonyesha unaitaka, wakati wa meza inakuzuia kusogea.

👉 *Watoto.* Matundu ya pipe yanaweza kunasa kidole cha mtoto. Yasiyotumika yazibwe kwa vifuniko vya plastiki au pipe ivalishwe mpira wa tyubu. Ncha zote za pipe zizibwe, kingo zipigwe msasa. Na usibadilishe urefu mtu akiwa amekaa, kamwe.

Kabla hujalipa salio: kiweke kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka, bonyeza kona nne, kisitikisike. Mwambie fundi mwenyewe akikalie kwenye tundu la juu kabisa, ajigeuze. Akisita kukikalia, usikichukue.

*8/9*

Najua mtakayoniambia.

"Nesi, fundi wa bongo anachelewa." Ndiyo, anachelewa. Changu kiliahidiwa Jumamosi kikatoka Alhamisi ya wiki ya pili. Lipa kwa awamu, andikeni vipimo kwenye karatasi mbili, kila mmoja abaki na moja. Ugomvi mwingi na mafundi ni wa maneno ya mdomo.

"Hakizunguki, hakina magurudumu." Kweli. Kwa sakafu ya vigae na mtoto anayejifunza kusimama kwa kushika kitu, mimi nafurahi kwamba hakina. Mtoto akishika kiti cha magurudumu kinakimbia, anaanguka na kidevu.

"Ni gharama." Mimi chuma, mbao, sponji na ufundi jumla ilikaribia 140,000. Sikatai, ni hela. Ila kile cha gesi kilinila zaidi ya hapo na kilikufa. Hiki nati ikilegea nakaza, sponji ikichoka nabadilisha sponji peke yake. Kama huna kabisa, anza na pa kukanyagia: mbao mbili na misumari, au tofali mbili zilizofungwa kitambaa, juu ya kiti ulichonacho weka mto mgumu, nyuma ya kiuno kunja kanga. Hiyo ni leo leo, bure.

"Kiti hakitibu mgongo." Hapo mnasema kweli na nakubali. Kiti kizuri kuliko vyote duniani, ukikikalia saa 4 bila kuinuka kitakuumiza. Kila nusu saa simama, kachote maji, kamwangalie mtoto, nyoosha mgongo. Kazi ya kiti ni kukupunguzia mzigo kati ya kusimama na kusimama.

Nimwambie mama mmoja, nimebadilisha mambo yake kidogo asijulikane. Alijifungua kwa upasuaji. Ana biashara ya kuandika na kupanga nyaraka za watu. Wiki ya tano akarudi mezani, kwenye stuli. Wiki ya nane mgongo ukamshinda kukaa, akawa ananyonyesha amelala, hawezi kuinuka vizuri, akachoka, akaanza kumpa mtoto uji. Mtoto wa miezi miwili, uji! Alipokuja kwetu uzito wa mtoto ulikuwa umesimama. Wote tulianza kumsema kuhusu uji. Hakuna aliyeuliza kuhusu stuli, mpaka aliposema mwenyewe, "Sista, siwezi kukaa nikamshika." Tulirudi nyuma tukaanza hapo: egemeo, mto, pa kukanyagia. Mtoto alirudi kwenye ziwa. Na mimi ndipo nilipoanza kuuliza lile swali langu.

*9/9*

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja, na akirudi kazini anapewa mpaka saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Mama wa biashara ya nyumbani hana mwajiri wa kumpa hata siku moja. Anarudi mezani wiki ya tatu. Kiti chake ndicho likizo pekee atakayoipata. Ndiyo maana sioni kama naongelea samani. Naongelea afya ya uzazi.

Kwa hiyo nina maombi.

VETA na SIDO, tunaomba mchoro mmoja mzuri wa kiti cha bolti, wenye vipimo, uliobandikwa kwenye karakana, kijana akimaliza mafunzo awe ametengeneza kimoja. Vitanda na madirisha tunavyo vya kutosha.

Kina mama wa vikundi, halmashauri zina ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kila kikundi kinaomba cha kuku na batiki. Kikundi cha wanawake watano na vijana wawili wa kuchomelea wakitengeneza viti hivi, wateja wapo mtaani, mimi nitakuwa wa kwanza kuwaelekeza.

Waajiri mnaomwambia mfanyakazi "kamalizie nyumbani", ulizeni anamalizia akiwa amekaa wapi.

Na baba unayesoma kimya kimya: mke wako akijifungua usianze na kochi, wala usianze na keki. Chukua futi. Mpime kiwiko, mpime goti, pima meza. Namba tatu, dakika tatu. Kisha nenda kwa fundi kabla hajatoka arobaini.

Kesho jioni nitaweka picha ya kiti changu, matundu na bolti zote, mpige chapa mumpelekee fundi wenu. Kwa sasa nataka niwaone na namba zenu: kiwiko, goti, meza. Tutapiga hesabu pamoja.

Nawapenda. Inukeni hapo mlipokaa, mnyooshe migongo. Nesi wenu.